Bira ya Riyadh, Sobia ya Jeddah

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ananiuliza kwa wakati wake, na kila mmoja namjibu kipande. Mama Glory anajua habari za nyani wa Taif lakini hajui tulikwenda Taif kufanya nini. Shirima amesikia kwamba nimekunywa bira wiki tatu Saudia, na ameshaitangazia Himo nzima kuwa niliwahonga polisi. Sikumhonga mtu. Naandika yote mara moja, msome, mniache nipumzike.

Wengi wenu mnamjua kaka yangu Elia. Wengine mlishawahi kumtoa mtaroni na kumleta nyumbani begani, nami sijasahau. Miaka minne iliyopita alipata kazi Riyadh, ufundi wa mitambo ya maji, na tangu aondoke alikuwa anatuambia kwamba hajagusa pombe. Tulimwamini. Nchi yenyewe haiuzi. Kisha siku moja mama akiwa anaongea naye kwenye simu, akasikia sauti ya mwanamume nyuma yake ikisema, "Elia, bira ya kwanza imeisha, nifungue nyingine?"

Mama alikata simu. Alikaa jikoni na chungu mapajani, kisha akaniita.

"Aika, ameanza tena."

Mkataba wa Elia unaisha Juni, na bosi wake alikuwa ameshampa karatasi za mkataba mwingine. Mama alitaka arudi ashike kihamba cha baba, shamba la nyumbani, ambako migomba inaanguka yenyewe. Ila sasa alitaka kujua kwanza ni Elia yupi atakayerudi. Mimi ndiye ninayepika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, bandani hapo nyumbani, pua yangu haidanganyiki, kwa hiyo nikatumwa mimi. Habari za viza na tiketi naziruka, hazina utamu wowote.

KIA hadi Riyadh: unga wa ulezi

Ndege ya kwanza haikuwa na shida. Ya pili ilichelewa saa saba, na katika saa saba hizo niliyajua maisha yote ya bibi mmoja wa Kisomali aliyekuwa anakwenda kumwona mjukuu. Hakujua Kiswahili, nami sijui Kisomali. Tulionyeshana picha. Aliponionyesha picha ya mwanamume mwenye masharubu alilia kidogo, nami nikalia kidogo, na hadi leo sijui kama ni mumewe aliyekufa au mkwe asiyempenda.

Riyadh nilifika asubuhi. Mama alikuwa amenipa unga wa ulezi wa uji wa Elia, umefungwa kwenye mfuko mweupe kwa kamba ya katani. Mnaona tatizo lilipo. Mimi sikuliona hadi kijana wa ushuru alipoutoa begini kwa vidole viwili.

"Eish hada?"

"Uji," nikamwambia. "Wa kunywa." Nikaigiza mtu anakunywa, nikajipapasa tumbo, nikatabasamu. Yeye hakutabasamu. Alichukua unga kidogo, akanusa, akamwita mwenzake, naye akanusa.

Nyuma yangu alikuwa dada wa Kikenya, mwenye ushungi mweusi na begi lililofungwa kwa utepe, anarudi kazini kwenye nyumba moja ya Al-Malqa baada ya likizo. Alipitisha kichwa begani kwangu.

"Hada akil, baba," akamwambia yule kijana. "Zay asida. Mafi mushkila."

Yule kijana akacheka. Kumbe ameambiwa ni chakula kama asida, uji wao mzito, nayo anaijua, bibi yake humpikia. Akanirudishia unga wangu na kunikaribisha Riyadh kwa Kiingereza kizuri sana. Nilipogeuka kumshukuru yule dada, alikuwa ameshapita, anatembea haraka kama mtu ambaye gari linamsubiri. Jina lake sikulipata.

Riyadh: friji ya Elia

Elia amenenepa. Hilo ndilo la kwanza nililoliona, kwa sababu Elia niliyemjua alikuwa mifupa na koti. Alinikumbatia, nami kabla sijafurahi nikamnusa shingoni. Sabuni na moshi wa udi. Nikajionea aibu, lakini pua ilishamaliza kazi.

Ilikuwa Ramadhani, na kazini kwake saa zilibadilika, ila siku ya pili aliondoka mapema akaniacha peke yangu. Nikafungua friji. Jamani! Chupa zimepangwa kama maktaba: za kijani, za kahawia, makopo ya dhahabu, shingo zote zimetazama upande mmoja. Kila chupa ina kikaratasi chenye mwandiko wa Elia. Moyo ukanipasuka. Nikafungua ya kwanza, nikanusa, nikaonja. Nikafungua ya pili. Nikafungua ya tatu, nyekundu, imeandikwa kwa kalamu "USIGUSE."

Zote ni kimea cha shayiri, sukari na gesi. Kilevi hamna hata cha kumlewesha nzi. Nilicheka peke yangu hadi nikakaa sakafuni. Ilikuwa soda iliyovaa koti la bia.

Elia alirudi na mgeni, kijana mrefu wa Kisumu anayeitwa Otieno, fundi wa kompyuta, jirani yake ghorofa ya chini. Walikuta chupa tatu mezani, wazi, gesi imekwisha. Elia akainua ile nyekundu.

"Umefungua ya komamanga?"

"Nilikuwa na kiu."

"Aki, sista," Otieno akasema, ameshika kichwa. "Hiyo hutoka Ramadhani peke yake. Tumeitafuta duka nane."

Lazima ndiyo sauti aliyoisikia mama! Nikamkazia macho. "Ni wewe uliyesema bira ya kwanza imeisha?"

Ndipo nikaelezwa. Bira ndivyo Waarabu wanavyokiita kinywaji hiki cha kimea, nao hunywa kama sisi tunavyokunywa soda. Elia na Otieno walianza kuonja kwa utani, wakaanza kuandika alama, na sasa wana kundi la simu linaloitwa Povu, lenye watu wanne: wao wawili wa Riyadh, na wawili wa Jeddah, Bwana Khamis wa Zanzibar, karani bandarini, na Mwikali, dada wa Kitui anayefanya kazi za ndani mtaa wa Aziziya. Wanapima povu, harufu, na kitu wanachokiita mkia, yaani ladha inayobaki ukishameza. Wanabishana kuhusu mkia kama wazee wanaogawana shamba.

Elia hakuwa anacheka. Alikaa mbele yangu na ile chupa mkononi.

"Mama amekutuma unipekue."

"Amenituma nikuone."

"Ungeniuliza, Aika. Ningekufungulia mwenyewe, moja moja."

Nilimpigia mama palepale, nikamwekea spika, Otieno akajitambulisha na kuomba radhi kwa Kiswahili cha Kisumu ambacho mama hakukielewa vizuri. Mama akauliza kama unga umefika salama. Kwa mama, hilo ni msamaha. Lakini habari ya mkataba nilipoigusa, Elia alisema bado anafikiria, akaenda kuosha glasi ambazo zilikuwa safi.

Jioni adhana ilipolia tulifuturu kama Waislamu, tende kwanza, kisha sambusa, kisha kuonja. Mimi nikafanywa hakimu. Ya tufaha nikaipa tatu, kwa sababu inanukia shampuu. Ya limau nne. Ile isiyo na tunda nikaipa sita, na Elia akapiga meza kwa furaha.

"Nilisema! Huyu ana ulimi! Hiyo ina mkia wa mkate ulioungua!"

Nikamtazama akiandika. Zamani alikuwa hajui amekunywa nini ilimradi glasi haijakauka. Sasa anakunywa vidole viwili, anafunga macho, anatafuta neno. Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Barabara ya Taif: dumu la Otieno

Ugomvi mkubwa wa kundi la Povu ni huu. Watu wa Jeddah wanadai bira si kitu, kinywaji ni sobia. Sobia ni ya Hijazi, upande wa Jeddah na Makka, inatengenezwa kwa shayiri au mkate mkavu, sukari, iliki na mdalasini, inaachwa ichachuke kidogo, inanywewa baridi wakati wa kufuturu. Ipo nyeupe na nyekundu. Msimu wake hasa ni Ramadhani. Khamis alikuwa amewaalika waende wakaonje mara moja wanyamaze. Otieno akaapa kwamba naye atatengeneza sobia yake Riyadh, apeleke Jeddah, aibuke mshindi ugenini.

Tuliondoka alfajiri kwa gari la Elia, kwenda Jeddah kupitia Taif, na dumu la lita tano la Otieno kwenye buti, limefunikwa taulo. Dumu lilikuwa na siku mbili tayari. Nilimwambia Otieno alifungue kila saa litoe pumzi.

"Sista, nimeangalia video kumi na moja," akanijibu. "Relax."

Barabara ni ndefu na imenyooka hadi unasahau kwamba unakwenda. Mchanga, nyaya za umeme, ngamia, kituo cha mafuta, mchanga. Kwa sababu ya mfungo hatukula wala kunywa hadharani, na tukiwa na kiu tuliinama chini ya kiti kama wezi. Baada ya adhuhuri upepo ukainuka, na vumbi likaja rangi ya chai ya maziwa, mbele hatuoni kitu. Tukaingia kituo cha mafuta pamoja na malori kama ishirini. Tulikwama pale hadi jua kushuka. Gari juani, buti limefungwa, taulo limefunika dumu. Mpishi wa mbege mzima nilikuwa nimekaa mita tatu kutoka hapo, nasinzia.

Vumbi lilipotulia, madereva wa malori walikuwa wametandika mkeka mrefu pembeni ya msikiti wa kituo. Wengi ni Wapakistani. Mzee mmoja mwenye ndevu zilizopakwa hina alituona tumesimama mbali, akatupungia mkono kwa nguvu kama tumemkosea. "Yalla, yalla!" Tukakaa. Wakatusogezea tende, maziwa ya mgando, wali wenye mbuzi na pilipili nyingi. Hawakutuuliza dini. Mzee alinipa mimi mfupa wenye nyama kuliko yote.

Otieno, kwa moyo mweupe kabisa, akaona si vizuri kula tu bila kutoa. Akaenda kwenye buti, akarudi na dumu. "Sobia!" akatangaza. Mkeka mzima ukashangilia.

Alipolegeza kifuniko, dumu lilipiga mluzi, kisha povu likaruka hadi kwenye ndevu za jirani yake. Watu wakacheka. Akajaza kikombe cha kwanza akampa Elia, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, na madereva wakaanza kunyoosha vikombe vyao.

Harufu ilitufikia mimi na Elia kwa wakati mmoja. Ile haikuwa sobia tena. Ilikuwa pombe, jamani, pombe ya kweli, imekomaa, ina joto. Watu wamefunga tangu alfajiri, wametugawia chakula chao, na sisi tunataka kuwamiminia kilevi mlangoni pa msikiti. Na gari la polisi liko pampu ya pili, linajaza mafuta.

Mimi nilikuwa nimefungua mdomo. Ila macho yangu yalikuwa kwenye mkono wa Elia. Kikombe kilikuwa karibu na mdomo wake. Hakukinywa. Hakukishusha pia. Kilikaa pale, naye ameinamisha uso juu yake, na sijui ni muda gani, labda pumzi tatu. Kwangu ulikuwa mrefu kuliko barabara yote tuliyoipita.

Kisha akakimwaga. Akasimama, akampokonya Otieno dumu, akalipeleka nje ya mkeka na kulipindua mchangani.

"Wewe! Buda, unafanya nini?" Otieno akapiga kelele.

Vikombe vya madereva vimebaki hewani. Yule mzee wa hina alimwangalia Elia, akaangalia mchanga unaofoka povu.

"Kharban?" akauliza. Imeharibika?

"Kharban," Elia akasema. "Halas. Samahani, baba."

Mzee akacheka hadi akakohoa. Alimwambia Otieno kitu kirefu ambacho nadhani kilihusu wapishi vijana, akampa kikombe cha maziwa, na mkeka ukarudi kwenye wali. Polisi wakaondoka na mafuta yao. Otieno alipoinama kunusa mchanga ndipo akaelewa.

Elia hakurudi kula. Nilimkuta nyuma ya gari, ameegemea, mikono mfukoni.

"Hukunywa," nikamwambia.

"Mkono haukutaka kukiachia kikombe. Uliona?"

"Niliona."

"Miaka minne, Aika. Nikainusa mara moja tu, nikajua kila kitu. Nilijua hata ilianza kugeuka saa ngapi." Upepo ulikuwa unatupiga mchanga miguuni. "Mama anadhani naogopa baa za mjini. Baa nitazipita. Mimi naogopa banda lako. Nikilala chumbani kwangu nalisikia pipa linavyochemka. Kila asubuhi nitaamka na harufu hiyo, hadi lini?"

Nilihisi kama amenipiga. Maneno yakanitoka kabla sijayapima. "Banda hilo ndilo limesomesha wanangu. Ndilo lililokulisha wewe ulipokuwa huna hata kiatu."

"Najua," akasema taratibu. "Ndiyo maana sijawahi kukuambia."

Tulisimama hapo hadi Otieno alipokuja na sahani ya wali iliyofunikwa, ameishika kwa mikono miwili. "Bro," akamwambia Elia, "nisamehe. Ningetupeleka ndani sote." Elia akaipokea ile sahani, akala amesimama.

Kushuka Taif: njia isiyo yetu

Tulilala Taif, mjini juu milimani, na asubuhi ilikuwa baridi ya Marangu. Nyani wamekaa ukingoni mwa barabara kama abiria. Mmoja aliingiza mkono dirishani akachukua miwani ya jua ya Otieno, akaiangalia, akaitupa bondeni. Hapo Elia alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana, nami nikamshukuru yule nyani kimoyomoyo.

Kutoka Taif barabara inashuka kwa makona hadi masikio yanaziba. Huko chini inagawanyika: Waislamu wanapita Makka, wasio Waislamu wanazunguka. Bango ni kubwa kama nyumba. Otieno, aliyeshika usukani bila miwani na jua kali machoni, alipita chini yake akisimulia habari za nyani. Tukafika kizuizini.

"Muslim?" askari akauliza.

"Aiwa," akasema Otieno. Otieno hujibu aiwa, yaani ndiyo, kwa kila swali la Kiarabu, anasema imemsaidia kazini.

Askari akainama, akaona msalaba mdogo shingoni kwangu. Akamtazama Otieno tena.

"Ismak eish?" akamuuliza jina lake.

"Aiwa."

Elia alifunika uso kwa mikono. Ikabidi aeleze yeye, kwa Kiarabu chake cha mabomba na pampu, kwamba tumepotea, kwamba dereva wetu ni mtu mwema lakini hajui lugha. Askari aliuma mdomo asicheke. Alitutolea koni ya barabarani, akatusimamishia magari, akatugeuza. Mzunguko wetu uliongeza karibu saa moja. Otieno hakusema aiwa tena hadi Jeddah.

Jeddah: foleni na geti

Bwana Khamis alitusubiri chini ya nyumba yake, karibu na bandari, kanzu imenyooka, kofia ya Kiunguja. Ana miaka zaidi ya hamsini, na tangu azaliwe hajaonja tone la kilevi.

"Karibuni, karibuni. Mmechelewa hata nikamwambia mke wangu, hawa wamekwenda Yemen. Na ile sobia ya Riyadh iko wapi?"

"Imekunywa mchanga," Otieno akamjibu.

Alasiri Khamis alitupeleka mji wa zamani, kwenye foleni ya sobia. Ilikuwa ndefu, wanaume na watoto na mabibi wenye vikapu, na muuzaji anafunga mifuko ya plastiki kwa haraka hadi vidole havionekani. Mifuko inaning'inia, nyeupe na nyekundu, inatoa jasho. Khamis hakubali duka la kwanza. Duka la kwanza, kasema, wanazidisha sukari ili kuficha iliki ya zamani. La pili ndilo. Mzee aliyekuwa nyuma yetu alimsikia akitaja duka hilo, naye akaanza kulitetea la kwanza. Hakuna aliyemuelewa mwenzake vizuri, na wote walibishana hadi mwisho wa foleni.

Kisha Aziziya. Mwikali hawezi kutoka wakati wa kufuturu, ndipo kazi inapokuwa nyingi kuliko siku yote, kwa hiyo tulimfuata sisi. Tulisimama nje ya geti jeupe. Akatoka Mwikali, mama mfupi, mchangamfu, aproni imejaa unga, ameshika jagi lililovikwa taulo.

"Haki, nimewangoja! Madam amenipea dakika tano. Jificheni hapa kwa geti mkunywe nyinyi watatu ambao hamfungi, Khamis utapeleka nyumbani."

Elia akanusa. Akanusa tena. Alinitazama mimi kabla hajaweka mdomo.

"Iko safi?" akaninong'oneza.

Nikaonja kwanza. Ubaridi, shayiri, mdalasini unakuja mwisho, na chini kabisa mchachuko mdogo kama wa embe lililoiva siku hiyo hiyo. Kilevi hamna.

"Safi," nikamwambia. Akanywa.

"Umejuaje pa kuishia?" nikamuuliza Mwikali.

"Kwetu Kitui nyanya yangu alikuwa anatengeneza pombe ya harusi. Nikaja hapa, mama mkwe wa madam akanionyesha hii, nikamwambia, mama, mimi hii kazi najua. Naweka sikio kwa jagi. Ikianza kuongea, iko tayari. Ikianza kupiga kelele, namwaga."

"Mimi pia naweka sikio kwenye pipa," nikamwambia.

"Basi wewe unajua." Akanishika mkono kwa mkono wake wenye unga. "Ni kazi ile ile. Ni kujua tu nani anakaa kwa hiyo nyumba."

Aliitwa kutoka ndani. Geti likafungwa, nasi tukabaki na jagi.

Futari ilikuwa kwa Khamis. Mkewe alikuwa ametandaza muhogo wa nazi, tambi za sukari, bajia, samaki wa kupaka, na dirishani kreni za bandari zinainua makontena. Sobia ya duka la pili ikapata saba. Bira ya Elia isiyo na tunda, tuliyoibeba kutoka Riyadh kwenye barafu, ikapata sita, na Khamis akasema ina mkia wa gunia. Ya Mwikali, Elia aliipa tisa na nusu. Khamis akadai nusu iliyobaki ielezwe. Elia akafikiri sana.

"Nusu hiyo naibakiza," akasema, "kwa sababu nimeipenda mno."

Wengine walicheka. Mimi niliona aliweka glasi chini ikiwa bado na robo, akaisukuma mbali kidogo, akachukua maji.

Jeddah hadi nyumbani

Ndege yangu ya kurudi ilikuwa ya mchana kutoka Jeddah. Elia alinisindikiza peke yake. Njiani nilikuwa nimeshaamua, ila nilitafuta njia ya kulisema lisionekane zawadi.

"Nitahamisha mapipa," nikamwambia tulipoegesha.

Akatoa begi langu, akalisimamisha, akalifuta vumbi.

"Unayapeleka wapi?"

"Njiapanda. Kwa mama Ringo kuna banda wazi."

Akatikisa kichwa. "Barabara ya huko ni mbaya. Mvua ikinyesha huwezi kushusha ndizi, gari litazama. Lazima pawekwe kifusi kwanza, na mtaro upande wa juu."

Nilimwangalia. Mtu asiyerudi hahangaiki na mtaro wa Njiapanda. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia kwamba kifusi mimi sijui kuchagua, na yeye akasema kifusi si kitu cha kuchagulia kwenye simu. Akanikumbatia, akaenda kabla sijaanza kulia mbele za watu.

Mama hakulipokea vizuri. Banda lile alijengewa na baba, na humo ndimo yeye mwenyewe alipokuwa akipikia kabla yangu. Nilimsimulia habari ya kikombe kule kituo cha mafuta, jinsi kilivyokaa karibu na mdomo. Akaenda kulala mapema. Asubuhi nilimkuta bandani, amejifunga kanga kiunoni, anasugua pipa la kwanza kwa majivu na maji ya moto. Alisugua hadi la mwisho, na hakutaka nimsaidie.

Mkataba mpya Elia hakuusaini. Anarudi Juni. Mapipa yako Njiapanda, kwa mama Ringo, na kifusi bado, kwa hiyo mvua ikinyesha vaeni mabuti. Anayetaka mbege anifuate huko. Anayetaka kumsalimia kaka yangu aje nyumbani, mlango uko wazi, chai itakuwepo, na safari hii aje mikono mitupu.